Picha Moja ya Ndiva

Haya, sogeeni, wenye masikio na wenye midomo pia, maana leo sitaki watu wa kuitikia tu. Nataka waamuzi. Kesi yenyewe imenishinda mimi, na ilimshinda Nakijwa kabla yangu.

Palikuwa na watu watatu katika kijiji kimoja cha Upare, chini ya mlima Shengena, na kila mmoja alikuwa na chake.

Mbonea alikuwa na kamera. Si hizi za kuning'iniza shingoni. Ni sanduku la mbao aliloachiwa na babu yake, linalosimama kwa miguu mitatu, na filamu yake moja tu ina upana wa ukurasa wa daftari.

Nakijwa alikuwa na jicho. Alipiga picha za pasipoti na za harusi pale sokoni, na alijua picha imeshika wapi na imechafuka wapi kabla hujamaliza kumwuliza.

Sekiete alikuwa na maji. Hayakuwa yake peke yake, la. Ndiva ni bwawa la wazee, mfereji hulijaza usiku kucha, na alfajiri linafunguliwa mlango, kila mkulima kwa zamu yake. Sekiete alikuwa na zamu kama wengine, na maharage yake yalikuwa yanatoa maua.

Basi chuo kimoja cha upigaji picha kikatoa tangazo. Leteni picha ya mandhari, ikuzwe hadi upana wa mlango, kila kitu kionekane wazi kuanzia jiwe la karibu hadi kilele cha mbali. Mshindi atasomeshwa mwaka mzima, na nafasi ni moja. Nakijwa alipolisoma aliona limeandikwa kwa ajili yake. Pasipoti zilikuwa zimemfika shingoni.

Alichotaka ni ndiva iliyojaa, na mlima umelala ndani ya maji. Akaanza na kamera yake ndogo ya kidijitali. Ukungu ukamkalia mbele, na lenzi ikawa inakwenda mbele, inarudi nyuma, inakwenda tena, haishiki kitu. Akaamua kulenga kwa mkono. Kwenye skrini picha ikapendeza, lakini ilipokuzwa hadi upana wa mlango, majani yote yakageuka viraka. Aliitupa karatasi ile chini akaikanyaga, kisha akaenda kwa Mbonea.

Mbonea alimwambia amengoja miaka minne mtu aliulizie lile sanduku. Filamu zilikuwa zimebaki tatu, na hakujua pa kupata nyingine.

Asubuhi ya kwanza Mbonea alilenga mwenyewe. Ndiva hufunguliwa kabla ya jua, kwa hiyo mwanga ulikuwa haba, naye akalifungua tundu la lenzi hadi mwisho ili uingie wa kutosha. Akakaza jicho kileleni. Walipoisafisha filamu, mlima ulikuwa mkali kama wembe, na mawe ya ukingoni yamekuwa uji.

Asubuhi ya pili Nakijwa alimwambia Mbonea ampishe. Sasa, mtu wa pasipoti amezoea kulenga jicho la mteja lililo karibu, na mkono una mazoea yake. Ulikwenda wenyewe kwenye jiwe la karibu. Mawe yakatoka hadi nyufa zake, na mlima ukapotea kabisa. Hakuwa na wa kumlaumu, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Alilia jikoni kwao kwa hasira, na aliyethubutu kumwambia mvumilivu hula mbivu alitolewa nje.

Ikabaki filamu moja. Siku tatu Nakijwa aliinama chini ya kitambaa cheusi bila filamu, akitazama kioo cha nyuma ambacho dunia yote huonekana kichwa chini miguu juu. Akagundua kwamba asilenge jiwe wala asilenge mlima. Alenge kichaka kilicho nyuma kidogo ya jiwe, upande wa mlima, kisha alibane tundu mpaka libaki kama punje ya mtama, na hapo vyote viwili vinashika. Ila tundu la namna hiyo linataka jua, na linataka maji yasitikisike kwa muda wa kuhesabu ishirini. Na jua, kila siku, hulikuta bwawa limeshapungua na ukingo ni tope.

Akamwendea Sekiete, uso ameuinamisha. Alijua anachoomba: mlango usifunguliwe mpaka jua litoke. Sheria ya ndiva ni kwamba jua likigusa kilele, zamu yako imekwisha, na maji yaliyobaki ni ya anayefuata. Zamu hurudi baada ya siku kumi, na mvua haikuwa na dalili.

Sekiete akasema, "Nitakaa mlangoni siku yangu, nisifungue. Lakini msije mkaniharibia na hiyo filamu ya mwisho."

Siku ikafika. Jua likagusa kilele, zamu ya Sekiete ikaisha hivihivi, na ukungu bado umekaa juu ya maji. Nakijwa angeung'ata ule ukungu kwa meno, kama ungeng'atika. Mwenye zamu ya pili akaonekana anateremka na jembe. Hapo ndipo ukungu ukainuka.

Nakijwa akalenga kichaka, akabana tundu. Mbonea akachomeka filamu. Nakijwa akasema sasa, Mbonea akafungua, na Sekiete akasimama mbele ya mlango wa maji akimbembeleza mwenye jembe avute subira. Ishirini ilipotimia, mlango ukafunguliwa na mlima ukavunjika majini.

Picha ilishinda. Maharage yalikauka.

Fomu ya atakayesomeshwa ikaletwa, nayo ina mstari mmoja wa jina la mpiga picha. Waliandika kuomba majina matatu, wakajibiwa jina ni moja, na fomu irudi Ijumaa.

Mbonea akasema, "Bila sanduku la babu mngepeleka viraka. Na kidole kilichofungua ni changu."

"Kilifungua kwa neno langu," Nakijwa akasema. "Wewe ulishalenga, tukaona uji."

"Na wewe ulishalenga, tukaona nini?"

Sekiete ndiye aliyesema, polepole, "Mimi kamera siijui. Lakini mwaka huu sina shamba la kunishika hapa. Nipeni mimi hiyo nafasi, nikajifunze mlichokuwa mnakitazama mle chini ya kitambaa."

Nakijwa alimkasirikia kuliko alivyomkasirikia Mbonea, kwa sababu hakuona kosa katika aliyoyasema.

Ijumaa imefika. Gari la barua limesimama sokoni, dereva anapiga honi. Nakijwa ameshika kalamu. Akiandika jina lake, anaondoka kwa maji ya mwenzake na sanduku la mwenzake. Akiandika la mwingine, kesho asubuhi yuko palepale, anamwambia mteja ainue kidevu kidogo.

Mimi nimechoka nayo. Kalamu hiyo, ishike wewe unayenisikiliza. Je, kwenye mstari huo ungeandika jina la nani, na wale wawili ungewaambia nini?