Korosho Nzima ya Bi Atuma

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni mpaka magoti yagusane. Wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa umalize. Haya, kimya. Nipeni masikio.

Hapo zamani za kale, Jumbe alipokuwa Tembo na mto mmoja mpana ukiigawa dunia, sisi huku na wenzetu kule ng'ambo, nchi nzima ya huku ililima korosho. Na nchi yenyewe ilikuwa kubwa: uivuke na mimba, unafika mwisho mtoto anakimbia. Zamani walilima mtama na kunde. Jumbe Tembo akasema, "Ng'oeni. Ng'ambo wanataka korosho." Wakang'oa. Mikorosho ikajaa mpaka milangoni.

Korosho zote zikawa zinavuka mto. Nzima zilivuka, zilizovunjika zilivuka, hata maganda yalivuka. Kutoka ng'ambo vikaja vioo, mablanketi, na mwavuli wa Jumbe, ambao ulifunika sikio moja tu. Wenyeji walibaki na mabibo, lile tunda la juu la mkorosho. Walifyonza maji yake, fyoo, makapi wakatupa.

Sasa, katika banda la kubangulia korosho, pale ukingoni mwa mto, alikuwepo Kindi mmoja, binti mtu mzima, jina lake Somoe. Alikuwa na mikono myepesi huyo. Analipasua ganda, ta, punje inatoka nzima, imejikunja kama mwezi mchanga. Lakini banda lile lilikuwa na sheria: mbanguaji lazima aimbe. Tangu anakaa mpaka anainuka, aimbe, na Jumbe Tembo anapita nyuma na masikio yake kama majamvi.

"Anayenyamaza anatafuna," ndiyo kauli yake Jumbe.

Basi Somoe aliimba mpaka sauti ikawa kama mlango mbovu. Misimu saba, punje moja haijagusa ulimi wake.

Nyumbani alikuwa na mama yake, Bi Atuma, hajiwezi, yuko juu ya kitanda cha kamba. Huyu Bi Atuma ndiye aliyepanda mkorosho wa kwanza wa kijiji kile, yeye na marehemu mumewe, wakibeba maji kwa kibuyu.

"Umerudi, mwanangu?"

"Nimerudi, mama."

"Nipe mikono." Bi Atuma akainusa, akaing'ang'ania. "Inanukia. Hebu niambie, Somoe, hii ya ndani ina ladha gani? Ni kama bibo?"

"Sijui, mama. Mimi naiimbia tu."

Bi Atuma akacheka, kisha kicheko kikamtoka usoni taratibu. "Baba yako alikufa akidhani ni chungu. Alisema, ingekuwa tamu wasingeitoa yote. Mimi nasema ni tamu. Sasa nimebakiwa na jino moja, na lenyewe linacheza. Likidondoka kabla sijajua, nikikutana naye nitamwambia nini?"

 Somoe alitoka uani kupasua kuni, na kila ukuni aliupasua vipande vidogo kuliko ilivyohitajika.

Kesho yake akaja Mamba, tajiri wa ng'ambo, kuchukua magunia. Somoe akampelekea maji ya kunywa. Na kwao, kama ilivyo kwetu, humpi mgeni kikombe mpaka umekionja mwenyewe, ajue kuwa hukumwekea kitu. Somoe akapiga funda moja, akampa.

"Ahsante, binti. Mna adabu watu wa huku."

"Tumelelewa hivyo, tajiri. Kwetu mgeni hatangulii kuonja. Kitu ambacho mwenyeji mwenyewe hakionji..." Akaokota beseni lake aondoke.

"Malizia."

"Aa, mimi mbanguaji tu. Nisije nikakosa kazi."

"Nimesema malizia."

"Nilitaka kuuliza tu, tajiri. Miaka yote uliyokuja hapa, umepata kumwona mtu wa huku akila korosho?"

Mamba akafikiri. Aliwaona wakifyonza mabibo. Aliwaona wakitafuna mihogo. Korosho? Taya zake zikafungana, kwapu.

"Hata mmoja," akasema polepole.

"Mimi sijasema kitu," akasema Somoe, akaenda zake.

Mamba akamfuata Tembo. "Jumbe, mbona ninyi hamli korosho?"

"Ni heshima, tajiri. Nzuri zote tunakuwekea wewe."

"Hata mtia sumu husema hivyo. Onja nione."

Tembo akacheka, akachukua punje moja kwa mkonga, akaitupia kinywani. Ikapotea humo kama harage kisimani.

"Ikoje?" Mamba akauliza.

"Iko... iko vizuri."

"Vizuri vipi? Tamu? Chungu? Ya chumvi?"

Tembo akakitazama kile kimwavuli chake. Hakujua. Miaka yote anaiuza, hakuwahi kuionja hata yeye.

"Basi magunia yenu yabaki," Mamba akasema, na mkia ukaanza kuingia majini.

Tembo akatetemeka, ardhi ikatetemeka naye. Akamwita Somoe kutoka bandani. "Somoe, wewe una maneno. Tufanyeje?"

"Jumbe, kinywa chako ni kikubwa mno kwa kitu hiki, si kosa lako. Aitwe aliyepanda. Nani atatia sumu mti wake? Mama yangu ndiye aliyepanda ule wa kwanza."

"Kamlete mbio."

"Hatembei, Jumbe. Na mimi kindi nimbebe vipi?"

Ikabidi Tembo aende mwenyewe. Akarudi na Bi Atuma juu ya mkonga, mwavuli umemfunika yeye.

Wakamkalisha juu ya magunia. Somoe akachagua punje nzima, nyeupe, akamwekea kiganjani. Bi Atuma akaing'ata upande wa jino. Kruu. Akafumba macho. Akatafuna taratibu, taratibu. Bandani nyimbo zikakatika zenyewe. Chozi likamtiririka Bi Atuma mpaka kidevuni.

"Sumu hiyo," Mamba akasema, akarudi nyuma.

"Nyamaza, kijana. Nakula."

"Ikoje, bibi?" Tembo akabembeleza.

Bi Atuma hakumtazama yeye, alimtazama binti yake. "Ni kama maziwa yaliyokaa karibu na moto, mwanangu. Tulikuwa nayo mlangoni, baba yako akafa hajui." Akajifuta, akamgeukia Mamba. "Sina hakika bado. Leta nyingine."

Akala kiganja kizima. Ndipo Mamba akasema, "Kuanzia leo, gunia la nyumba yoyote silibebi mpaka wenyewe wale mbele yangu washibe." Tembo akakubali upesi, kabla mkia haujaingia tena majini. Tangu hapo, kila mlango ukala korosho zake kwanza. Kwamba yote yalitoka kichwani mwa Somoe, Mamba hakujua, Tembo hakujua, na Somoe hakuwaambia.

Mkulima asiyeonja shamba lake ni mpagazi wa shibe ya mwenzake.

Bi Atuma aliondoka msimu wa pili, amekwisha kujua. Watoto wa Mamba walirithi wasiwasi: wanalala kando ya mto, midomo wazi, wakingoja mwenyeji atangulie. Watoto wa Tembo walirithi mwavuli uliochakaa. Somoe akarithi mikorosho ya mama yake, na wanawe wakarithi kula kwake: punje imeshikwa kwa mikono miwili, polepole, macho njiani, kama kuna mtu anayengojwa aje waonje pamoja.