Vibanda Vitano vya Fisi

Zama zile wanyama walipokuwa na serikali na karani wake, jimbo la Nyikani lilipigwa na ukame wa misimu mitatu. Biashara zilikufa, na kila mwenye miguu mirefu akahamia kwa jirani. Mheshimiwa Simba, mkuu wa jimbo, alikereka sana, maana mkuu asiye na wa kumwinamia ni mkuu gani? Akatangaza sera mpya: kando ya chemchemi vingejengwa vibanda vitano kwa ajili ya wanaoanza biashara. Kila mmoja angepewa bidhaa za kuanzia, na mwaka mzima asingetozwa ushuru.

Sungura aliposikia, masikio yalimcheza kwa furaha. Wakati wa ukame alijifunza kukausha mchicha na majani ya kunde, yakakaa miezi bila kuoza, na ndiyo yaliyowavusha wanawe. Akipata kibanda chenye kivuli angekausha mboga za kulisha jimbo zima. Asipopata, nyumba yake ingerudi kuguguna magome.

Alipofika kwa karani Nyani, aliambiwa vibanda vimekwisha. Kimoja kapewa Bwana Madoa wa maziwa, kingine Mzee Kicheko wa asali, na wengine watatu wa nyama, samaki na mafuta. Sungura akauliza hao ni wenyeji wa wapi, mbona hajapata kuwasikia. Nyani akajikuna, akasema kila mmoja alikuja na kofia yake, kwa hiyo kila mmoja ni mtu mbali. Ndivyo alivyokuwa Nyani: akiona kofia, haangalii uso.

Sungura akaenda chemchemini. Mbele ya vibanda alimkuta Fisi, mwenye bucha aliyoirithi kwa babu yake, kajilaza na tumbo limemtuna, kofia tano kando yake.

"Shikamoo, Mzee Fisi. Naona na wewe umeanza biashara."

"Marahaba, mwanangu. Mimi kila siku naanza."

"Na sisi wengine tule nini?"

"Usinifundishe njaa, naijua kuliko wewe," akasema Fisi, akageukia upande wa pili.

Sungura alipandwa na hasira, lakini akaimeza. Alikumbuka ada ya Nyikani: biashara haihesabiwi kuwa imefunguliwa mpaka mwenyewe, kwa mikono yake, amwonjeshe mkubwa wa mji. Akaenda moja kwa moja kwa Simba. Akamweleza jinsi majirani wanavyoisifu sera yake, na jinsi itakavyokuwa aibu vibanda vikifunguliwa kimyakimya bila Mheshimiwa kuonja. Simba akatikisa manyoya ya shingo, akaamuru ngoma ipigwe Ijumaa na kila mwenye kibanda asimame mlangoni pake.

Ijumaa uwanja ulijaa. Simba alianza na kibanda cha maziwa. Bwana Madoa akashusha kofia hadi puani, akamkabidhi kibuyu, kikatoa tone moja tu. Simba akakunja uso, akaelekea kwenye asali. Fisi akapita nyuma mbio, akabadili kofia, akatokeza akitweta. Mzinga ulikuwa umelambwa ukang'aa.

Sungura akasogea karibu na sikio la Simba, akamwambia taratibu kwamba ingependeza wafanyabiashara wote watano waje kumshukuru kwa pamoja. Simba akaona ndiyo heshima yenyewe, akawaita.

Akaja Fisi peke yake, kofia tano zimepandana kichwani. Umati ukaangua kicheko. Nyani peke yake hakucheka, alikuwa akizihesabu.

"Wenzako wako wapi?" akauliza Simba.

Fisi akagusa kofia. "Wamo humuhumu, Mheshimiwa."

"Na bidhaa za serikali?"

Fisi akashusha mkono hadi tumboni. "Nazo zimo."

Simba aliaibika mbele ya jimbo zima, na Simba akiaibika hasamehi upesi. Alimvua Fisi kofia zote na kumnyang'anya vibanda vyote. Kwa kuwa alikuwa amezoea kukimbia kutoka kibanda hadi kibanda, akaamriwa avifagie vyote kila alfajiri hadi mwaka uishe. Sera ikaongezewa kifungu: mnyama mmoja, kibanda kimoja, na karani atazame uso.

Sungura alipata kibanda cha kwanza siku ileile, akatandaza mikeka ya mboga kivulini huku wanawe wakirukaruka. Fisi alifagia mlangoni pake akimeza mate. Njia mbili zilimshinda fisi.