Katunzi na Kucha za Zimwi

Hadithi niilete, nisiilete?

Ilete!

Nzima, au niimege?

Nzima!

Na atakayesinzia?

Aoshe vyungu!

Haya, msije mkasema sikuwaambia. Hapo kale, watu walipokuwa wachache lakini waongo vilevile, palikuwa na kijana katika nchi ya migomba, jina lake Katunzi. Alimpenda Kemilembe, na Kemilembe alimpenda. Mngedhani mambo yameisha. Thubutu.

Huko kwao kijana haozwi mpaka ajigambe. Anasimama mbele ya ukoo wa binti, mkuki mkononi, anataja jina lake na alichokiua. Asiye na cha kutaja anarudi kula viazi na mama yake. Na Katunzi hakuwa ameua hata nyoka wa majani. Kazi aliyoijua ni kutoa funza miguuni mwa watu kwa mwiba wa mlimau. Kijiji kizima kilimnyooshea miguu, kisha kikamcheka. Aliona aibu sana.

"Mwezi ukiandama baba ananioza," Kemilembe akamwambia. "Ishengoma keshasema ameua zimwi. Nenda nawe ukatafute jina, mwenzangu. Mimi yule simtaki."

Katunzi akachukua mkuki. Mwiba wake akautia mkobani kwa mazoea tu. Akaenda, akaenda, akaenda, akamkuta simba amelala.

"Simba, simama tupigane, nataka jina."

"Nisimame vipi?" simba akasema. "Hebu tazama huu mguu."

Ulijaa funza. Katunzi akaguna, akaweka mkuki chini, akawatoa mmoja mmoja. Simba alilia, akashukuru, akaenda zake. Utamuuaje mtu uliyemshika mguu asubuhi nzima?

Akaenda, akaenda, akaenda, akamkuta chatu.

"Chatu, simama tupigane, nataka jina."

"Nisimame na nini?" chatu akauliza. "Halafu nimemeza mbuzi juzi. Nichome ukitaka, ukajigambe kwamba uliua mwenye shibe."

Katunzi akaona haya. "Una funza?"

"Kwenye miguu ipi?"

"Samahani," akasema Katunzi, akapita.

Akaenda, akaenda, akaenda, akalikuta zimwi la vichwa saba limeketi nje ya pango lake, limenyoosha miguu.

"Zimwi, simama tupigane, nataka jina."

"Huyu wa ngapi?" kichwa cha kwanza kikauliza.

"Wa nane mwezi huu," kikajibu cha pili.

Cha tatu kikapiga miayo. "Kijana, okota ukucha hapo chini, kaseme umeniua. Wenzio wote wameoa hivyo. Juzi alikuja mmoja, Ishengoma, akaokota wake huku anakimbia."

Kweli, kucha zilitapakaa chini, zimetobokatoboka. Ndipo Katunzi alipoitazama ile miguu. Masikini, funza walikuwa wamehamia humo na ukoo wao wote.

"Nani amekuacha hivi?"

"Kila anayekuja anakuja na mkuki," likasema zimwi.

Siku tatu alitoa funza, vichwa saba vikipokezana kulia. Alipomaliza akaokota ukucha mmoja, akautia mkobani. Ndiyo, aliuokota. Nyinyi mngeuacha?

Siku ya majigambo ikafika. Ishengoma akatangulia. "Mimi ndiye Ishengoma. Mimi niliyeua zimwi. Ukucha wake huu." Vigelegele vikapigwa.

Katunzi akasimama, mkono mkobani, ameushika ukucha wake. Akawaza kwamba akiutoa, ataitwa muua zimwi mpaka kaburini. Kemilembe atamwita hivyo kila akimpa uji, na kila siku atakuwa anamwita mtu mwingine. Akautoa, akautupa kwenye majani.

"Mimi ndiye Katunzi," akasema. "Mimi niliyemtoa simba funza. Mimi niliyemwomba chatu samahani. Mimi niliyelitoa zimwi funza siku tatu, nikaliacha zima."

Ukoo ulicheka mpaka pombe ya ndizi ikawatoka puani. Mzee Kagaruki, baba yake Kemilembe, akajifuta machozi. "Rudi kwa mama yako, mwanangu." Katunzi akauchukua mkuki wake aondoke, moyo ukimuuma kwelikweli.

Mara migomba ikalala chini, zimwi likatokea, linatembea kwa maringo kama bwana harusi. Ishengoma aliyeliua akawa wa kwanza kuingia uvunguni mwa kitanda cha bibi. Mzee Kagaruki akapanda mgomba, ukavunjika. Akapanda wa pili, ukavunjika.

"Mtoa funza yupo?" vichwa saba vikauliza. "Umesahau kidole cha mwisho."

"Kaa chini," akasema Katunzi, akitafuta mwiba wake. "Na usimkanyage mzee."

Kemilembe akaleta kigoda, akalishika zimwi mguu.

"Mkwe," akaita Mzee Kagaruki kutoka mgomba wa tatu, "mchukue. Mchukue leo hii."

Basi nanyi mkienda kutafuta jina mbali, angalieni kwanza mlichokitia mkobani kwa mazoea. Hadithi nimeitua hapa, mwenye bega aibebe.

Na ule ukucha uliotupwa kwenye majani? Niliuokota mimi. Mnadhani nilimwoaje bibi yenu?