Koleo la Pili

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii imewafuta wengi machozi. Aliyefeli mtihani huambiwa, aliyefilisika huambiwa, na aliyeachwa na mchumba huambiwa hata kabla hajamaliza kulia. Maana yake ni kwamba chombo kimoja kikiharibika, mwenye nia hutafuta kingine na kazi ikaendelea. Sote tunaipenda kwa sababu kila mmoja wetu hujiona kuwa ndiye mhunzi. Ni wachache wanaojiuliza itakuwaje mhunzi huyo akiwa adui.

Katika mtaa mmoja wenye kelele za mashine paliishi fundi wa kuchomelea, kijana mcheshi aliyetengeneza mageti na madirisha ya chuma. Kifua kikuu kilikuwa kimemwandama, tena kile sugu kisichosikia dawa za kawaida. Alikuwa amekonda hadi mashati yake yakaonekana kama ya kuazima. Kila asubuhi alimeza konzi ya vidonge vilivyomtapisha na kuzifanya nyayo zake ziwake moto. Alivimeza kwa sababu dada yake mkubwa alimsimamia kama askari.

Dada huyo alikuwa mtafiti, na kazi yake ilikuwa kumchunguza kijidudu yule yule aliyekuwa akimla mdogo wake. Majirani walimwita Mama Vijidudu, naye aliitika bila kinyongo. Maabara yao ilikuwa imeitilia shaka jeni moja. Walidhani kwamba ndiyo inayomwezesha bakteria kujenga ukuta wa mwili wake, na kwamba bila hiyo hawezi kuishi. Njia ya kuthibitisha ilikuwa kuiondoa jeni hiyo kwa makusudi, kuwapanda bakteria kwenye sahani za kuoteshea, kisha kungoja. Wasipoota, jeni ni ya lazima, na dawa itakayoizima itawaua.

"Kwa hiyo hiyo jeni ndiyo koleo lake," fundi alisema alipoelezwa. "Mnyang'anyeni, tuone atashikia nini chuma cha moto."

"Umeelewa upesi kuliko wanafunzi wangu," dada mtu alimjibu. Wakacheka pamoja mpaka kikohozi kikamkatiza fundi.

Muda wa kawaida wa kungoja ulipokwisha, sahani zilikuwa tupu. Hapakuwa na kidoa hata kimoja. Sasa, bakteria wa kifua kikuu huzaana kwa kujivuta, na aliyejeruhiwa hujivuta zaidi. Ndiyo maana utaratibu ulitaka sahani tupu zirudishwe kwenye kabati la joto, zikae muda mwingine kama ule wa kwanza kabla hukumu haijatolewa. Mama Vijidudu aliujua utaratibu huo vizuri, maana yeye ndiye aliyewafundisha wenzake. Lakini subira ni rahisi kwa asiye na mgonjwa nyumbani. Aliagiza sahani ziteketezwe, akatangaza kwamba jeni ni ya lazima, kisha akaenda moja kwa moja kwenye karakana ya mdogo wake.

"Wamekufa," alimwambia, machozi yakimlengalenga. "Tumewanyang'anya ile jeni, na wamekufa."

"Wote?"

"Hakuna aliyesalia, mdogo wangu. Dawa sasa itapatikana."

Hakumwambia kwamba kutoka kwenye sahani hadi kwenye kidonge ni safari ya miaka. Alikuwa na furaha nyingi mno, akaona maelezo hayo yangoje siku nyingine. Tangu hapo alizama katika kuandaa ripoti yake, na ulinzi wa vidonge akamwachia mgonjwa mwenyewe.

Kumbe mtambo wa mvuke wa kuteketezea taka ulikuwa umeharibika, na sahani zile zilikuwa zimerudishwa kwenye kabati la joto zikingoja. Mtambo ulipotengenezwa, Mama Vijidudu alikwenda kuzitoa. Akafungua kabati, akainua sahani ya kwanza kwenye mwanga. Juu yake palikuwa na vidoa vyeupe vilivyokunjamana, mfano wa makombo ya mkate.

Walipima, wakapima tena. Jeni ile haikuwemo kabisa. Jeni nyingine, ambayo hakuna aliyeihesabu kuwa kitu, ilikuwa imeichukua kazi ya mwenzake na kuifanya kwa shida, polepole, lakini ikaifanya.

"Hawakufa hawa," mkuu wa maabara alisema kwa upole. "Walikuwa wanajikongoja. Jeni yetu inawasaidia, ila si ya lazima."

"Nimeshawaambia watu kwamba wamekufa."

"Basi warudie hao uliowaambia."

Alimwendea mmoja tu. Wifi yake alimpokea mlangoni akitabasamu.

"Karibu, wifi. Huyu mtu wako siku hizi anakula mpaka sufuria inaomba radhi."

Mama Vijidudu hakucheka. Alijua ni kitu gani kilichokuwa kikimzuia mdogo wake kula. "Vidonge anameza?" aliuliza.

Wifi alimgeukia mumewe. Fundi alijikuna shingo.

"Si ulisema dawa mpya inakuja, dada? Nikaona niupumzishe mwili kwanza. Nyayo zilikuwa haziniachi nilale."

Dada mtu alikaa kwenye kiti cha karibu, akamweleza yote, hata lile la kuharakisha hukumu. Fundi alisikiliza akiitazama mikono yake.

"Kwa hiyo walipata koleo lingine," alisema mwishowe.

"Walikuwa nalo siku zote. Sisi ndio hatukuliona."

"Ungengoja kidogo tu, dada."

Hakupandisha sauti. Dada mtu angeshukuru kama angetukanwa.

Fundi alirudia vidonge vyake kesho yake, lakini maji yalikuwa yamekwisha mwagika. Wale waliokuwa kifuani mwake walikuwa wameitumia vizuri ile likizo aliyojipa. Vipimo vilionyesha kwamba hata dawa iliyokuwa tegemeo lake sasa haikuwatisha. Aliingia wodini kwa miguu yake, akatoka amebebwa.

Msibani, wifi alikaa upande wa pili wa chumba na hakumtazama hata mara moja. Jirani mmoja alimwonea huruma Mama Vijidudu, akamshika bega, akatafuta neno la kumfariji. Akalipata lile ambalo kila mtu hulipata. Alikusudia kumwambia kwamba maisha yanaendelea, na Mama Vijidudu aliitikia kwa kichwa, kwa sababu ni kweli yaliendelea, kwenye zile sahani na kwenye kifua cha mdogo wake. Katika chumba kile chote hapakuwa na mtu aliyelijua neno hilo kwa uchungu kama yeye: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.