Kamba ya Mrina Asali

Kisa hiki alinisimulia Dafrosa mwenyewe mwaka jana, baada ya mavuno, tukimenya karanga za mbegu ukumbini kwangu. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, maana yake jambo kubwa humalizwa kwa kidogo kidogo, mradi mtu asiache. Dafrosa aliyaona hayo kwa mumewe.

Mume huyo ni Octavian, mrina asali wa huko Ulyankulu. Ujanani alikuwa mwembamba kama fito, akipanda miti kama ngedere. Kisha akanunua pikipiki, na miguu yake ikaenda likizo. Kanisani pikipiki, shambani pikipiki, hata kwa jirani wa pili alipiga kiki. Mezani ugali wake ulisimama kama kichuguu, na uji aliutia asali hadi ukabadilika rangi. Tumbo likatangulia, yeye akalifuata nyuma.

Msimu wa kurina ulipofika, alijifunga kamba kiunoni akaukabili mninga wenye mizinga yake. Hakupita kimo cha mtu. Kifua kilimbana, macho yakaingia giza, akashuka akihema kama mivukuto ya mhunzi.

Eliya, mdogo wake, alikuwa chini akitazama. Katika ukoo wao, asiyeweza kupanda humkabidhi mdogo wake kamba, na pamoja na kamba, miti yote.

"Kaka, hilo si tumbo, ni mzinga!" Eliya alicheka. "Nipe kamba upumzike. Tanuri langu la kukaushia tumbaku lina njaa ya kuni."

Neno kuni lilimchoma Octavian kuliko nyuki. Miti ile ilitundikwa mizinga na baba yao.

"Nisipopanda msimu ujao, kamba ni yako," alijibu.

Kesho yake aliamua kulimaliza tumbo kwa pigo moja. Alisusa chakula, akanywa maji ya ndimu tu, akakimbia barabarani jua likiwa utosini. Wiki haikwisha akaanguka kando ya njia, akarudishwa kwa baiskeli kama gunia la mahindi. Muuguzi wa zahanati alimpima, akakuta presha iko juu.

"Baba, unajikomoa mwenyewe," alimwambia. "Kunywa dawa usiache. Kula kwa kiasi, na utembee kila siku."

Jioni ile Octavian alikaa kwenye kigoda amenuna. Dafrosa akamburutia gogo la mzinga alilokuwa hajamaliza kulichonga, akamtupia na tezo.

"Baba Levina, lichonge liishe usiku huu."

"Mama Levina, una wazimu? Gogo likiharakishwa hupasuka. Hubanduliwa kidogo kidogo."

"Kumbe unajua," alisema Dafrosa, akaingia jikoni.

Octavian alibandua banzi moja tu, akaiweka tezo chini.

Tangu hapo pikipiki ilibaki ya kupeleka asali mjini. Alianza kutembea hadi kisimani, akipumzika njiani, kisha hadi shambani, mwisho hadi porini. Ugali ukawa wa ukubwa wa ngumi yake. Sehemu iliyobaki ya sahani ilijaa mlenda au kisamvu, na kunde au samaki pembeni, halafu kipande cha papai.

"Hii sahani ya mtu au ya kifaranga?" alilalamika.

"Ya mpanda miti," mkewe alimjibu.

Haikuwa kazi nyepesi. Arusini kwa jirani yao Damas alifakamia pilau mpaka akasinzia kitini. Asubuhi hakujiadhibu kwa njaa. Aliamka akatembea kama kawaida. Na kila jioni alilibandua gogo lile kidogo, mpaka likawa mzinga.

Msimu ukarudi. Eliya alikuja na shoka begani. Octavian alijifunga kamba, akaushika mninga. Katikati ya mti alisimama.

"Shuka, kaka, usituletee msiba!" Eliya alipiga kelele.

Octavian alitulia tu, pumzi yake ikamrudia, akaendelea hadi kwenye tawi. Moshi wa kufukuzia nyuki ukafuka juu. Mara ndoo ikateremka kwa kamba, imejaa masega.

"Pokea, mdogo wangu! Na usichovye kidole!"

Eliya alilitazama shoka, akalilaza chini ili apokee kwa mikono miwili.

"Basi nitapanda miche yangu ya kuni," alinung'unika.

Usiku walikula pamoja: ugali, kunde, mlenda, na kijiko kimoja cha asali kila mtu. Eliya alilala mkekani, tumbaku na kuni zimemtoka kichwani. Octavian akafuata, amechoka vizuri. Dafrosa aliyakusanya mabanzi ya mzinga mpya, yakajaa karai, akayaweka karibu na jiko yawe ya kuwashia moto wa asubuhi. Akazima taa, naye akalala.

Kweli, bandu bandu huisha gogo.