Waliomwitikia Mwantumu

Kigelegele cha aliyebaki hakikosi mwitikiaji.

Hayo ndiyo maneno mliyoyasikia leo asubuhi kwa fundi cherehani, alipokuwa akimtuliza yule mteja wake anayelia, nanyi mkaja mbio kuniuliza yametoka wapi. Hayakutoka mbali. Yametoka huku huku milimani, katika kijiji cha Kwemivumo, na chanzo chake ni mama mmoja mkulima wa kabichi.

Kwemivumo kilikuwa na timu ya mpira iliyoitwa Mwewe. Uwanja wake ulichongwa kwa majembe ubavuni mwa kilima, maana milimani kwetu mahali tambarare hapapatikani bila jasho. Wazee waliotangulia waliuchimba kwa misimu miwili ya kiangazi. Upande wa magharibi waliacha mteremko, wakaukata ngazi za udongo ili watu wapate pa kukaa. Siku moja katika kazi hiyo udongo uliporomoka ukafunika watu watano. Watatu walifukuliwa, wakazikwa makaburini. Wawili hawakuonekana tena. Wazee wakasoma dua pale pale, wakapanda nyasi juu yake, na kesho yake wakarudi na majembe.

Mama huyo aliitwa Mwantumu, na baba yake alikuwa mmoja wa wachimbaji walionusurika. Alikuja kufa kwa uzee kitandani mwake. Wakati wa habari hizi Mwantumu alikuwa mama wa makamo, mjane, mwembamba, asiye na maneno mengi. Lakini Mungu alimjalia koo. Akipiga kigelegele uwanjani, wachuma chai wa ng'ambo ya bonde walinyanyua vichwa wakaambiana, "Mwewe wamepata kona."

Ikaja miaka ya kufungwa. Wachezaji wazuri walihamia kijiji cha Mashineni, kwenye kiwanda cha mbao, ambako timu ilikuwa na jezi mpya na kila mchezaji alipewa kazi. Mwewe wakabaki na waliobaki. Walifungwa tano, wakafungwa saba, wakafungwa nyumbani na ugenini, mvua na jua. Wapiga ngoma ndio walikuwa wa kwanza kuondoka. Wazee wakafuata, wakisingizia magoti. Mwisho hata akina mama waliokuwa wakikaa na Mwantumu wakaanza kuvuka bonde siku za mechi kwenda kuwashangilia Mashineni, na miongoni mwao alikuwamo dada yake wa tumbo moja, Sauda.

"Mdogo wangu," Sauda alimwambia siku moja wakipalilia, "utajipasua koo bure. Timu imekufa hiyo."

"Maiti haingii uwanjani, dada. Wale wanaingia."

"Na wewe unakaa peke yako kama kinyago. Watu wanakucheka."

Jumamosi ilipofika Mwantumu alijifunga kanga yake ya njano, akaenda, akakaa ngazi ya tatu kutoka chini, mahali alipozoea. Mteremko wote ulikuwa wake.

Ilikuwa saa kumi alasiri. Ukungu ulianza kupanda kutoka bondeni, kama kawaida ya miezi ile, ukafunika goli la chini, kisha ukafunika katikati ya uwanja. Mwewe walikuwa wamekwisha kufungwa mawili. Wakapata kona. Mwantumu akapiga kigelegele.

Nyuma yake, juu mteremkoni, akaitikiwa.

Aligeuka akitabasamu, akidhani akina mama wenzake wamerudi. Hakuona mtu. Ngazi zilikuwa tupu, na ukungu ulikuwa ukitambaa juu ya nyasi. Akajiambia ni mwangwi. Milima ina mwangwi, nani asiyejua? Akageukia uwanja. Mpira ukarudi tena kwa Mwewe, akavuta pumzi ili apige kigelegele cha pili, na kabla hajafungua kinywa, kigelegele kikalia nyuma yake.

Mwangwi hufuata sauti. Huu ulikuwa umemtangulia.

Hakugeuka tena mpaka kipenga cha mwisho, na kila alipopiga aliitikiwa, mara sauti za wanawake, mara sauti nzito za wanaume zikisema "Eeeh!" kwa pamoja, kama watu wanaosukuma gogo. Mechi ilipokwisha alimfuata Mntangi, kipa na nahodha wa timu, aliyekuwa akivua glavu zake zilizotoboka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo mmesikia chochote kule juu?"

Mntangi alitazama chini. "Mama, mbona tunasikia tangu mechi tatu zilizopita? Tulijua umeleta watu. Tukawa tunasema, afadhali mama amepata wenzake."

"Sikuleta mtu."

Kijana yule aliacha glavu zikaanguka majanini. Hakuziokota mpaka Mwantumu alipomwokotea.

Habari zikasambaa. Wachezaji wawili walirudisha jezi kwa nahodha wakasema mama zao wamewakataza kucheza pale. Mwenyekiti wa kijiji, Shelukindo, mtu mkavu asiyependa porojo, aliitisha mkutano akasema timu isiyo na wachezaji wa kutosha wala watazamaji haina haja ya uwanja. Kama Mwewe hawataweza kumaliza mechi mbili zilizobaki za ligi ya tarafa, uwanja utapandwa mikaratusi. Hakuna aliyempinga. Wengi waliona ni heri pale pageuzwe msitu, pasahauliwe.

Mwantumu naye aliogopa. Msimwone shujaa. Jumamosi iliyofuata hakwenda. Alichukua jembe akaenda shambani, upande wa pili wa kilima, akainamia kabichi zake na kujisemesha kwamba kazi imemzidi. Saa kumi ikafika. Alisikia kipenga kwa mbali. Akaendelea kupalilia, kichwa chini.

Kisha akasikia kigelegele kutoka uwanjani.

Kilikuwa kimoja, kirefu, chenye kukatika mara mbili mwishoni kama kamba inayofumuka. Kila mtu ana kigelegele chake, na mwenyewe hukijua kama anavyokijua kikohozi chake. Kile kilikuwa cha Mwantumu.

Alisimama na jembe mkononi, mdomo ameufumba. Kikalia tena. Alijishika koo kwa kiganja, akihakikisha kwamba halitikisiki. Halikutikisika.

Akatupa jembe, akashika njia. Kwenye njia panda alikutana na Sauda, aliyekuwa akitoka kuchota maji.

"Wewe!" Sauda akashtuka. "Umepita wapi? Sasa hivi nimekuacha uwanjani."

"Umeniona uwanjani?"

"Nimekuona kwa macho yangu. Umekaa mahali pako, kanga ya njano hiyo hiyo. Nimekupungia mkono, ukanitazama tu, hukunijibu. Nikasema mdogo wangu amenikasirikia."

"Nilikuwa shambani, dada. Tazama mikono yangu."

Sauda aliitazama mikono yenye udongo mbichi. Akatua ndoo.

Mwantumu alifika uwanjani peke yake. Ukungu ulikuwa mzito, wachezaji wakionekana kama vivuli vinavyoogelea. Mteremko ulikuwa kimya. Alipanda hadi ngazi ya tatu. Hapo mahali pake nyasi zilikuwa zimelala, kana kwamba mtu aliyekuwa amekaa ndiyo kwanza anyanyuke. Aliinama akagusa kwa kiganja. Palikuwa na joto.

Angeweza kukimbia, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini kwa hofu yake yote lilimjia wazo moja lililomshika miguu: waliokuwa pale hawakumfukuza. Yeye alipotoroka, wao walimshikia nafasi yake ili vijana wasicheze bila sauti.

"Samahani," akasema kwa sauti ndogo. "Nimekuja."

Akakaa pale penye joto, akapiga kigelegele. Mteremko mzima ukamwitikia. Siku ile Mwewe walifungwa manne, lakini walimaliza mechi.

Ikabaki moja, na ilikuwa dhidi ya Mashineni wenyewe, pale pale Kwemivumo. Mashineni walikuja na malori mawili ya watu, ngoma na tarumbeta, na karibu nusu ya Kwemivumo ilijipanga nao upande wa mashariki. Mwewe waliingia wachezaji tisa tu. Refa alitoka tarafa nyingine, mgeni kabisa, hakujua habari zetu. Upande wa magharibi alikaa mama mmoja mwenye kanga ya njano.

Kabla ya mapumziko Mashineni walikuwa na mabao matatu. Ngoma zao zilinguruma. Baada ya mapumziko ukungu ukapanda, ukafunga kila kitu. Mntangi alipodaka mkwaju mmoja kwa ncha za vidole, Mwantumu akapiga.

Akaitikiwa.

Watu wa mashariki waliposikia, ngoma zilikatika moja baada ya nyingine. Tarumbeta ikakohoa ikanyamaza. Kutoka upande ule ambao wote waliuona mtupu, ulivuma mshindo wa mamia ya watu, vigelegele na "Eeeh!" zile nzito. Refa akapuliza kipenga, akatembea ndani ya ukungu hadi chini ya ngazi.

"Mama, waambie watu wako wasishuke uwanjani. Ni wangapi?"

"Watu wangu?"

"Hawa nyuma yako. Sioni vizuri."

Mwantumu alitazama mbele tu. "Hawatashuka, baba. Endelea na mpira."

Refa akarudi, mpira ukaendelea. Upande wa mashariki Sauda alikuwa amesimama na wenzake, akisikiliza. Katikati ya mshindo ule alitambua sauti moja. Ilikuwa sauti ya mzee inayokwaruza kidogo, ikiwahimiza wenzake kama kazini: "Tieni nguvu, wanangu, tieni!" Aliisikia utotoni mwake kila asubuhi. Ilikuwa ya baba yao.

Machozi yalimtoka. Akawapita wenzake, akaingia uwanjani mpira ukichezwa, akavuka moja kwa moja ndani ya ukungu bila kutazama kulia wala kushoto, akapanda, akakaa ubavuni mwa mdogo wake.

"Nimemsikia," akasema.

"Najua."

"Unaogopa?"

"Naogopa sana, dada."

"Na mimi." Akamshika mkono.

Mtu wa pili akavuka, mama aliyemsikia babu yake. Wa tatu akavuka, mzee wa magoti mabovu. Kisha wakawa wanavuka wawili wawili, watatu watatu, wengine wakilia, wengine wakisoma dua midomoni, wakitafuta pa kukaa kwa kupapasa. Mwantumu, aliyeijua sauti ya mteremko kuliko wote, aligundua jambo. Kila mtu aliye hai alipokaa, sauti moja nyuma ilinyamaza. Akakaa huyu, ikanyamaza ile. Mwishowe alipopiga kigelegele waliomwitikia walikuwa majirani zake tu, kwa makoo yaliyokauka na kuogopa, na juu yao ulikuwa ukungu mtupu usiosema neno.

Mashineni walifunga la nne. Watu wa mteremkoni walishangilia Mwewe kana kwamba wao ndio waliofunga. Kipenga cha mwisho kilipolia, wachezaji tisa wale walilala majanini, na Mntangi alikuja akapiga magoti mbele ya mama yule.

Jumatatu mkutano ukakaa kuamua habari ya uwanja. Mwenyekiti Shelukindo, ambaye Jumamosi alikuwa safarini, alifungua taarifa ya refa iliyoletwa kutoka tarafani akaisoma kwa sauti. Mabao, sawa. Wachezaji, tisa. Kisha akafika mstari wa watazamaji, akasita, akavaa miwani vizuri, akasoma: "Timu mwenyeji ilikuwa na watazamaji wengi mno tangu dakika ya kwanza. Nilipotaka kuwahesabu baada ya mapumziko, ukungu ulinizuia."

"Tangu dakika ya kwanza?" akauliza. "Nani alikuwa upande ule dakika ya kwanza?"

Macho yote yalimwelekea Mwantumu, naye alikuwa akichokonoa udongo uliokauka kwenye kucha zake, kama mambo hayamhusu.

Mwenyekiti aliikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. "Uwanja hautapandwa mti," akasema. "Sasa, yule aliyebaki peke yake miaka yote hii, hebu tuambieni, alikuwa akitegemea nini?"

Sauda ndiye aliyesimama. Alikuwa ameimaliza sauti yake Jumamosi, ikatoka kama upepo kwenye tundu, ikabidi watu wanyamaze kabisa ili wamsikie.

"Mwenyekiti," akasema, "kigelegele cha aliyebaki hakikosi mwitikiaji."