Sanduku la Bi Semeni

Mzee Lumelezi alikuwa akipangisha vyumba na kuuza makaa, na mpangaji asiyenunua makopo mawili kwa siku alifukuzwa. Bi Semeni alinunua moja tu.

"Maharage hayaivi kwa kopo moja!" mzee aliwaka. "Yakiiva leo, nakupa gunia zima. Yasipoiva, kesho uhame."

"Nimekubali, baba. Ila ulinde jiko mwenyewe, usije ukasema nimekuibia makaa."

Maharage yalichemka kidogo tu, makaa yakaisha. Bi Semeni akaingiza sufuria chumbani, akatoka akikokota sanduku lenye mto juu yake.

"Mtu mzima hasimamishwi, baba. Keti."

Mzee akaketi mbele ya jiko lililopoa, toka adhuhuri hadi alasiri, akichekelea peke yake.

"Mbona sanduku lako lina joto?" aliuliza.

"Nimelijaza sufi na matambara. Hayaachi joto litoke."

"Joto la nini?"

Bi Semeni alikuwa ameshashika upawa na sahani.

"La maharage, baba. Inuka nipakue."

Mzee akainuka. Sanduku likafunguliwa, sufuria iliyokuwa ndani ikafunuliwa, maharage yamelainika mpaka yanapasuka.

"Karibu ule," alisema Bi Semeni. "Mpishi ni wewe. Mimi nangoja gunia tu."